Asife Kwanza

Rais wa tribunali, jaji aliyeongoza mahakama ya kijeshi, aliposoma neno "kifo", watu waliojaa ukumbini walipiga makofi kama wako kwenye mpira. Wengine walipanda juu ya mabenchi. Mama mmoja kule nyuma akapiga vigelegele. Charlotte, mjane wa marehemu, alibaki amekaa kwenye benchi la mbele na mkono wake juu, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amwone.

Mume wake Osée alikuwa dereva wa lori. Alibeba maharagwe kutoka Bunia mpaka Mambasa, na akirudi alibeba mbao. Mwaka uliotangulia, majambazi wenye bunduki walimsimamisha katikati ya msitu. Kesho yake lori lilikutwa pembeni mwa barabara, milango wazi, mzigo, betri na matairi hakuna, damu kwenye kiti. Osée mwenyewe hakuonekana. Wanakijiji walitafuta, askari walitafuta, ndugu zake walitafuta, kisha mvua ikanyesha na kila mtu akarudi kwake.

Baadaye wawili kati ya majambazi wale walitambuliwa mjini Bunia, sokoni Nyakasanza, wakiuza betri na matairi ya lori. Mmoja aliitwa Dieumerci, na kila mtu alisema ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Huyo hakufika hata kwa polisi. Watu walimpiga mawe pale pale sokoni, wakamwagia petroli, wakamchoma. Wa pili, Jean-Claude, polisi waliwahi kumtoa katika mikono ya watu akiwa amevunjika mkono. Ndiye aliyesimama sasa mbele ya majaji wa kijeshi, mkono wake umeunga vibaya, macho yake chini.

"Madame, kuko nini?" rais wa tribunali aliuliza mwishowe, akikusanya karatasi zake.

"Minataka mumuulize mahali bwana yangu iko."

"Swali hilo liliulizwa wakati wa kesi. Mshitakiwa alinyamaza. Na ushahidi ulitosha bila maiti."

"Ulitosha kwenu," Charlotte alisema. "Miye ninataka kumuzika."

"Kikao kimefungwa, madame."

Nje, Constant, mdogo wake Osée, alimkumbatia shemeji yake mbele ya watu wote. Alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma, mtu mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili. Alikuwa analia kwa furaha.

"Tumeshinda, shemeji! Sasa Osée atalala."

"Atalala wapi?" Charlotte aliuliza, lakini kelele za watu zilimeza swali lake.

Charlotte alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya nyumba moja huko Mudzipela, karibu na mahali wenye pikipiki wanangojea abiria, na kwa hiyo alisikia kila kitu kilichosemwa mjini, apende asipende. Tangu serikali ilipotangaza kwamba hukumu ya kifo itaanza tena kutekelezwa, baada ya miaka mingi ya kuisoma tu mahakamani na kuiacha, watu walikuwa wakibishana. Sasa kwa kuwa Bunia ilikuwa na mtu wake wa kuuawa, ubishi ulikuja kukaa mbele ya cherehani yake.

"Ni kamba," alisema dereva mmoja wa pikipiki. "Jean-Claude si askari. Risasi ni ya askari. Raia ananyongwa."

"Lakini tribunali ni ya kijeshi," mwenzake akajibu. "Sasa watamuua namna ya kijeshi. Watamufunga ku muti, pa! Imekwisha."

"Hapo hatasikia kitu. Kamba inakawia. Acha asikie."

"Na wamufanyie ku uwanja, batu wote waone."

Mama mmoja wa kwaya, aliyekuja kupima kitambaa cha sare, alisema kwamba Mungu amekataza kuua. Wakamrukia wote kwa pamoja: Mungu amemkataza nani, si Jean-Claude pia? Mama akasema Leta, yaani serikali, haina haki ya kufanya kile inachowakataza watu. Dereva akamjibu kwamba gereza limejaa, na mwizi akitoka humo anarudi na bunduki kubwa zaidi. Wakaendelea hivyo, huyu anataka mfano kwa vijana, yule anauliza kama majaji wamewahi kukosea, na Charlotte anakanyaga cherehani, uzi unakatika, anauunga, unakatika tena.

"Na weye, Mama Gracia?" dereva aliuliza mwishowe. "Weye njo mwenye maumivu. Unachagua nini, kamba ao risasi?"

"Ninachagua muondoke ku mwangaza wangu," Charlotte alijibu. "Sioni sindano."

Walicheka, wakadhani anatania.

Charlotte alizunguka ofisi, akiomba Jean-Claude aulizwe mwili uko wapi. Katika ya kwanza walimwambia kesi imekwisha, faili limetoka mikononi mwao. Katika ya pili walimwambia mfungwa aliyehukumiwa ni mtu wa serikali, aombe ruhusa pale alipotoka. Afisa mmoja mwenye upole alimkalisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, sheria inajua kuuliza nani aliua. Kuuliza maiti iko wapi, hapo sijui nikutume kwa nani." Charlotte alimshukuru kwa maji. Alipofika nje alitamani kurudi ampigie kelele, lakini mtu yule hakuwa amemkosea kitu.

Aliyemsaidia ni mtu ambaye hakumtegemea, Maître Antoine, wakili aliyepewa kazi ya kumtetea Jean-Claude. Alikuja mwenyewe barazani, akaomba kiti.

"Ninaandika ombi la msamaha kwa rais wa jamhuri," alisema. "Sitakuficha, mama, ninatafuta chochote cha kumwokoa mteja wangu. Lakini nimesikia unataka kumuuliza swali moja. Mimi ninaweza kukuingiza."

"Unataka nini kwangu?"

"Leo sitaki kitu. Muulize kwanza."

Ndivyo Charlotte alivyojikuta ameketi mbele ya Jean-Claude, meza katikati yao, mlinzi mlangoni, wakili pembeni. Alikuwa amejiandaa kuona mnyama. Aliona kijana aliyekonda, mwenye kikohozi, aliyekuwa akishika mkono wake mbovu kwa mkono mzima.

"Mahali iko, ninajua," Jean-Claude alisema kabla hajaulizwa.

Charlotte aliinama mbele juu ya meza. "Basi sema."

"Nikisema leo, mama, kesho mutaniacha baniue. Sina kitu ingine mu mikono. Sina pesa, sina mukubwa wa kunitetea. Ni hii tu."

"Miye siyo Leta. Siwezi kukuua, siwezi kukuponyesha."

"Batu banakusikiliza. Weye njo mujane. Sema ku redio hautaki baniue. Siku bakinifutia kifo, nitakuonyesha mahali. Nitakupeleka na miguu yangu."

Maître Antoine alikohoa. "Hilo sikulijua, mama. Ninaapa."

Charlotte alitaka kumpiga kofi yule kijana. Huyo alifanya bei kama mwenye duka, na bidhaa yenyewe ilikuwa mwili wa Osée. Charlotte aliondoka bila kuaga, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, akiwapita wenye pikipiki waliokuwa wakimwita.

Binti yake Gracia alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo. Alikuwa katika darasa la mwisho la sekondari, na tangu baba yake apotee alikuwa amejifunza kusema maneno machache.

"Utafanya?" aliuliza baada ya kusikia yote.

"Unataka nifanye?"

"Miye minataka afe," Gracia alisema, akikoroga chungu. "Lakini ninataka pia kumuona papa. Sijui nitaanza na gani."

Charlotte alijua ataanza na gani.

Arielle, mtangazaji wa redio moja ya mjini, alikuwa akimwomba kwa muda mrefu aje katika kipindi chake cha mjadala. Safari hii alikubali. Walimketisha kati ya mchungaji na mwalimu wa sheria. Mwalimu alieleza kwa Kifaransa kingi habari za kunyonga na kupiga risasi, sheria inasema hivi kwa raia na vile kwa askari, na katika nchi nyingine wanatumia sindano, na kila namna ina watu wanaosema ndiyo yenye utu zaidi. Mchungaji akasema utu haupo hata katika moja. Walisemezana hivyo juu ya kichwa cha Charlotte, hata Arielle akalazimika kuwanyamazisha.

"Mama Charlotte, wewe ndiye uliyepoteza mtu. Unawaambia nini wasikilizaji?"

"Ninasema asife kwanza," Charlotte alisema karibu sana na mikrofoni, mpaka sauti yake ikakwaruza. "Munabishana kamba na risasi, kamba na risasi, kama vile munanishonea nguo. Hakuna mutu aliniuliza vipimo. Jean-Claude anajua mahali bwana yangu iko. Bakimuua, na ile kinywa inakufa. Ninaomba Leta imuache na uzima. Akae mu prizo mupaka azeeke, lakini akuwe muzima."

Simu zikaanza kuingia. Mtu wa kwanza alisema mama huyu amelipwa. Wa pili alisema labda aliwafahamu majambazi kabla. Wa tatu, mwanamke, alisema kwamba yeye pia hajui mume wake alilala wapi tangu vijiji vya Djugu vichomwe, na kwamba angempa muuaji uhai kwa sababu ya kaburi moja tu. Huyo alikatika katikati ya sentensi, mtandao ulikuwa mbaya. Wa nne alirudia kwamba mama amelipwa.

Constant alifika jioni ile ile. Hakukaa. Kiti alichopewa alikisukuma kando.

"Umeuza damu ya ndugu yangu."

"Nimeitafuta, shemeji. Hata mufupa yake hatuna."

"Osée alikuwa na jina mu huu muji! Leo batu bananiuliza, ni kweli muke ya ndugu yako anatetea muuaji? Niwajibu nini?"

"Wajibu waje kuniuliza miye."

"Ukitaka tuendelee kuwa familia, rudi ku redio, uondoe ile maneno."

"Siondoe."

Constant akatoka, na mlango ukabaki wazi nyuma yake. Tangu siku hiyo jamaa za Osée hawakupita tena kusalimu. Kanisani watu walimwachia Charlotte nafasi kubwa kwenye benchi. Gracia alirudi kutoka shule akiwa amekunja uso, akasema darasani wanamuuliza kama ataolewa na Jean-Claude, na kama mahari imekwisha kutolewa. Charlotte alisema atakwenda kuonana na mkuu wa shule. "Usiende," Gracia alimwambia. "Umekwisha kusema ya kutosha."

Neno hilo lilimwuma kuliko simu zote za redio. Lakini alingoja. Maître Antoine alituma ombi lake Kinshasa, na maneno ya mjane yakiwa ndani yake. Jibu halikuja. Charlotte alipouliza, wakili aliinua mabega. Mara waziri amesema wataua, mara mabalozi wamesema wasiue, mara kumekuwa kimya. Serikali haikumuua Jean-Claude, na haikumsamehe. Na yeye hakusema.

Mwishowe Charlotte alichoka kungoja, akaomba aingizwe tena. Hakukaa.

"Nilisema ku redio," alimwambia Jean-Claude. "Nilisema na ombi likaenda. Familia ya bwana yangu imenikataa. Mutoto wangu banamucheka. Nimefanya yote ilikuwa mu mikono yangu. Sasa sema."

Jean-Claude aliangalia meza. Kikohozi kilimshika, kikamwachia.

"Tulikusikia," alisema. "Prizo yote ilisikia. Bengine balilia."

"Mahali iko wapi?"

"Mama, sijui."

"Haujui nini?"

"Sijui mahali iko. Miye nilibakia ku lori, nilikuwa nashusha maharagwe. Dieumerci njo aliingia naye mu pori. Nilisikia risasi. Dieumerci akarudi peke yake, na viatu vimejaa matope. Sikuuliza. Sikutaka kujua."

Maître Antoine alikuwa amesimama. Alishindwa kumtazama Charlotte.

"Juu ya nini ulinidanganya?" Charlotte aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Juu ninaogopa kamba," Jean-Claude alisema. "Humu ndani pia banabishana, mama. Kila siku. Kamba ao risasi. Banabishana na miye niko nasikia. Nikasema, bakifikiri ninajua kitu, labda batakawia."

Alianza kulia, na machozi yake hayakumsaidia Charlotte hata kidogo. Alitoka. Nje ya geti wakili alimfuata akisema samahani, samahani, mama, kwa lugha mbili. Charlotte alimwambia aende kwake.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka karakana ya Constant, akamkuta ameinama juu ya geti la chuma, cheche zinaruka. Alingoja mpaka akazima mashine na kuvua miwani.

"Jean-Claude hajui," alimwambia. "Alikuwa ananidanganya. Dieumerci peke yake njo alijua."

"Unaona!" Constant akapiga paja. "Nilikuambia! Mwizi ni mwizi. Sasa utarudi ku redio..."

"Sikuja juu ya redio. Nimekuja kukuuliza. Siku balimuchoma ku soko ulikuwako. Dieumerci alisema kitu?"

"Aseme nini? Alikuwa anapiga makelele tu, kama bote. Ati mungoje, mungoje, nitawapeleka, nitawaonyesha mahali nilimuweka. Mwizi akiona petroli anasema kila kitu. Batu balikuwa bengi, nani alikuwa na..."

Kinywa chake kilibaki wazi. Charlotte aliona jinsi maneno yake mwenyewe yalivyomrudia, moja moja, na jinsi alivyokuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

"Alisema atawaonyesha," Charlotte alirudia.

"Shemeji, sikuwasha moto. Ninakuapia."

"Sikuuliza kama uliwasha."

Constant alikaa chini, juu ya geti lile lile alilokuwa akilitengeneza, ingawa chuma kilikuwa bado cha moto. Charlotte alitaka kumtukana, na alikuwa na haki, lakini hasira yake haikumtosha tena mtu mmoja. Ilikuwa ya soko zima, ya makofi ukumbini, ya mwalimu wa sheria na sindano zake. Aliokota mkoba wake akaenda kupokea vitambaa vya kwaya.

Kipindi kidogo baadaye Jean-Claude na wengine waliohukumiwa walipandishwa ndege, wakapelekwa katika gereza la mbali. Hakuna aliyemjulisha Charlotte. Alisikia kwa wenye pikipiki, ambao walikuwa tayari wanabishana kama wanapelekwa kuuawa au kufungwa tu. Maître Antoine hakujua. Arielle alipiga simu: sasa imejulikana kwamba jambazi alimdanganya, je, mama angekubali kurudi hewani na kubadili maneno yake?

"Nitarudi," Charlotte alisema. "Lakini nitasema ile ile."

"Hata sasa?"

"Ule wa kwanza balimuua, nikapata nini? Wa pili bakimuua, nitapata nini? Wataniambia, mama, tumekulipa, rudi nyumbani. Hawajanilipa kitu."

Arielle alisema atampigia tena kupanga siku. Hakupiga.

Constant ndiye aliyerudi, asubuhi moja, amekodi gari dogo, na msalaba wa chuma nyuma, ameuunganisha mwenyewe. Hakuomba msamaha na Charlotte hakumuuliza. "Twende mupaka mahali lori ilionekana," alisema. "Tutafute kidogo. Tukikosa, tusimike hii." Gracia akapanda pia, na sare ya shule mwilini.

Barabara ya Mambasa ilikuwa mbovu kwa mvua. Walikuwa hawako mbali na mahali penyewe walipofika kwenye kizuizi, na askari kijana akawaeleza kwa heshima kwamba mbele hawapiti. Juzi watu wameshambuliwa huko. Labda wiki ijayo, labda mwezi ujao.

"Ndugu yangu iko humo," Constant alisema.

"Pole, papa. Amri ni amri. Ni juu ya usalama wenu."

"Muzima hapiti, na maiti haitoke. Sasa tufanye nini?"

Constant alianza kusema kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti kubwa zaidi, akataja jina la Osée, jina la baba yao, jina la kijiji walichokimbia huko Djugu, mpaka sauti ikamkatika na akabaki anasogeza midomo tu. Gracia alishuka, akamshika baba yake mdogo kiwiko, akamrudisha garini.

"Tugeuze?" dereva aliuliza.

Charlotte alikuwa anaangalia ukuta wa miti upande wa pili wa kizuizi, miti mirefu iliyofanana yote, na nyuma yake mingine. Dereva alingoja kidogo, akawasha gari, akageuza, na msalaba ukiwa bado nyuma.